Haki ya Njia: Vichochoro vya Unguja na Walinzi Wake

Mji Mkongwe wa Unguja haukuanza kwa njia ukamalizia kwa nyumba. Aghalabu nyumba ndizo zilizotangulia. Jamaa walijenga karibu na jamaa zao, na nafasi iliyosalia baina ya ukuta na ukuta ndiyo iliyokuja kuwa uchochoro. Ndiyo sababu mgeni hupotea humo kwa wepesi, naye mwenyeji hufika aendako kivulini. Mtu hutoka Darajani, akapita Mkunazini na Sokomuhogo mpaka Shangani na Forodhani, pasi na kulipa wala kuulizwa aendako. Uhuru huo umezoeleka hata ukadhaniwa kuwa umejiotea wenyewe kama mwani. La hasha! Una historia, na una walinzi.

Mlinzi wa kwanza ni sheria. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, yamruhusu mtu kutokeza jengo lake juu ya njia ya umma, kwa sharti lisiwadhuru wapitao: kimo chake kimtoshe mpitaji kwenda wima na mzigo wake kichwani. Atazamaye wikio, kile chumba cha juu kiungacho nyumba mbili, huiona sheria hiyo imesimama kwa mawe na boriti. Mwenye nyumba amepata chumba, na mpita njia hakupungukiwa na kitu.

Mlinzi wa pili ni baraza. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Waliposema kuwa hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondosha udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mabaraza ya mawe yaliyoshikamana na kuta za Mji Mkongwe ni makao ya haki hiyo. Wazee wakaao hapo na vikombe vyao vya kahawa humjua mtoto aliyepotea, humwelekeza mgeni, na hukunja miguu hamali anapopiga ukelele wa "Habedari!" nyuma ya gari lake la kusukuma. Uchochoro usio na baraza hubaki wazi, lakini hauna macho.

Ng'ambo nako kulikuwa na vichochoro vyake. Hapo kale Mji Mkongwe ulikuwa rasi, umetengwa na hori lililofukiwa katika karne ya 20. Jina la Darajani ndilo ukumbusho wa daraja lililovuka hapo. Upande wa pili waliishi wengi wa wafanyakazi wa mji, katika nyumba za udongo zilizojengwa juu ya viwanja vya watu wengine. Mwaka 1928 wakaazi hao waligoma kulipa kodi ya viwanja, wakadhihirisha kuwa aishiye juu ya ardhi naye ana kauli juu yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walichora mpango mpya wa mji mwaka 1968, na majumba ya Michenzani yakasimama kwa mistari mirefu iliyoikata Ng'ambo kama msalaba. Wengi walipata makaazi bora, nayo ni neema isiyokanika. Lakini palipobomolewa nyumba, mapito yalikwenda pamoja nazo, na majina ya mapito pia.

Uhifadhi ulipokuja, ulianzia kwenye kuta. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango mkuu wa uhifadhi ukatolewa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji katika Urithi wa Dunia. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, habari zilienea duniani siku ile ile. Uchochoro unapozibwa kwa bidhaa za duka, au wazee wanapolihama baraza kwa kukimbia pikipiki, hakuna atangazaye msiba.

Dawa yake haimo katika tiketi wala lango. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa Ng'ambo Tuitakayo uliwashirikisha wakaazi katika kutambua mahali penye maana kwao, na hilo likaonyesha kuwa ramani iliyo bora imo vichwani mwa wenyeji. Huko Toronto, Kanada, yalianza mwaka 2007 matembezi yaitwayo Jane's Walk, ambapo raia huwaongoza raia wenzao mitaani bila malipo, kwa kumkumbuka mwandishi Jane Jacobs. Leo yanafanywa katika miji mingi. Unguja ina mtaji mkubwa zaidi, kwani njia zipo na walinzi wake wangali hai. Kinachohitajika ni mitaa ishikane mikono, kutoka Malindi hadi Vuga, na kuvuka Darajani mpaka Michenzani: majina ya kale yaandikwe ukutani, mifereji izibuliwe, mabaraza yaachiwe wakaao, na vijana wafundishwe kuwatembeza watu bure mitaani mwao. Njia ya umma hailindwi kwa kufuli. Hulindwa kwa kupitwa kila siku, na kwa kuwapo mtu barazani wa kuitikia salamu ya apitaye.