Shajara za Mwisho za Livingstone: Umiliki na Uangalizi katika Njia ya Misafara ya Tabora, 1873–1874

Historia ya umiliki wa kitu cha kale aghalabu hufuata majina ya wenye hati: aliyekirithi, aliyekinunua na taasisi iliyokipokea. Insha hii inabainisha kwamba, kwa shajara za mwisho za David Livingstone, utaratibu huo huacha pengo.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Jacob Wainwright aliorodhesha mali ya marehemu, kisha msafara ulioongozwa na Susi na Chuma ukabeba mwili, shajara na vifaa vyake. Ulipofika Unyanyembe, utemi uliokuwa na mji wa Tabora, mwezi Oktoba, Luteni Verney Lovett Cameron aliwashauri wamzike huko; wakakataa. Hata hivyo, Cameron alichukua vifaa vingi vya upimaji kwa safari yake mwenyewe. Hivyo mali hiyo iligawanyika Tabora: vipimo vilivyoandikwa vilielekea pwani, na vifaa vilivyovipima vikaelekea Ujiji.

Msafara uliwasili Bagamoyo Februari 1874. Mwaka huohuo Horace Waller alizihariri shajara nchini Uingereza, akisaidiwa na maelezo ya Susi na Chuma, zikachapishwa London katika juzuu mbili.

Kisheria, Susi na Chuma hawakuwa wamiliki. Lakini kwa takriban miezi tisa, usalama wa shajara ulitegemea uamuzi wao. Kwa hiyo, kumbukumbu ya umiliki inayoruka kutoka kwa Livingstone hadi kwa Waller haijakamilika.