Duma: giza la Nairobi lililorekodiwa Kampala

Agosti 7, 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu iitwayo Duma. Walioitengeneza ni vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Kundi lao nalo liliitwa Duma, yaani giza kwa Kikikuyu. Uzinduzi haukuwezekana. Kenya ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku tangu Machi 27, na kumbi za Kampala nazo zilikuwa kimya kwa sababu ya korona. Muziki uliotengenezwa ili watu wasukumane mbele ya spika ukaingia duniani kupitia simu na kompyuta za watu waliofungiwa majumbani.

Huku Igogo, Mwanza, ni wachache walioisikia, na ndiyo sababu ya makala haya. Sisi wa upande wa kusini wa Ziwa Victoria tumezoea kuihesabu Kampala kama jirani wa biashara. Meli ya MV Umoja huvusha mabehewa ya treni kutoka Bandari ya Mwanza Kusini hadi Port Bell, na samaki na mahindi yana njia zao. Muziki nao unavuka, ila hatuuandikii hati za mizigo. Studio ileile ya Kampala iliyowapokea vijana hawa wa Nairobi ndiyo yenye lebo iliyopeleka singeli ya Dar es Salaam ng'ambo. Ukiijua hiyo singeli inayopigwa vijiweni jioni, tayari unao mlango wa kuingilia kwenye albamu hii.

Kwanza tujue walikotoka. Nairobi imekuwa na vijana wa roki nzito kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kulikuwa na kituo cha X FM, masafa ya 105.5, kilichopiga roki kutwa. Kulikuwa na makundi kama ParkingLotGrass na Murfy's fLaw, na Last Year's Tragedy waliopiga metalikoa hasa. Metalikoa ni ndoa ya panki na metali: kasi na hasira ya panki, uzito wa magitaa ya metali, sauti inayokwaruzwa kutoka kooni, na katikati ya wimbo mahali ambapo mapigo yanapunguzwa ghafla yakawa mazito, ili ukumbi mzima uruke kwa pamoja. Huko Marekani mtindo huu ulishika kasi mwanzoni mwa karne hii, Converge walipotoa Jane Doe mwaka 2001 na Killswitch Engage walipotoa Alive or Just Breathing mwaka 2002. Vijana wa Nairobi waliupokea, kisha wakaanza kuupinda.

Khanja na Karugu walilelewa na mazingira hayo. Walitokea makundi ya Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, majina ambayo mzazi wa Kikristo akiyaona kwenye fulana ya mwanawe hawezi kulala. Hofu hiyo ina historia yake. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifika bungeni mwaka 1999. Fikiria kijana anayekua miaka hiyo, akivaa nyeusi na kupiga gitaa lenye mngurumo, katika nchi ambayo serikali yenyewe imeitisha tume juu ya shetani. Aliyeendelea na muziki huo baada ya hapo hakuwa anafuata mkumbo wa kigeni. Alikuwa amechagua jambo lililomgharimu nyumbani, kanisani na mtaani.

Mwaka 2019 wawili hao wakaunda Duma. Karugu aliliacha gitaa la besi, akashika gitaa la kawaida na kazi ya uprodyuza. Khanja alibaki na koo lake. Mpiga ngoma hawakumtafuta. Uamuzi huo ndio uliozaa albamu yote. Kundi la metali bila mpiga ngoma ni jambo zito, kwa sababu ngoma ndizo injini ya muziki huo, na wapenzi wake humheshimu mpiga ngoma kama tunavyomheshimu mpiga solo kwenye dansi. Lakini kompyuta haichoki. Mguu wa binadamu una kikomo; mashine inaweza kupiga haraka kuliko mguu wowote, kisha ikageuza pigo lenyewe likawa mlio wa chuma kinachosagwa. Karugu alipoachana na mpiga ngoma aliachana pia na wajibu wa kufanana na bendi ya watu wanne au watano, na hapo njia zikafunguka.

Wakaenda Kampala. Katikati ya mwaka 2019, kwa muda wa miezi mitatu, walirekodi katika studio ya Nyege Nyege. Jina hilo limetoka kwa Waganda, nalo linahusu hamu ya kucheza isiyozuilika, basi msomaji asishtuke. Waanzilishi wa Nyege Nyege ni Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili waliohamia Uganda. Walianza tamasha lao mwaka 2015 huko Jinja, pale Nile inapotokea ziwani, na mwaka uliofuata wakaanzisha lebo. Tamasha lenyewe lilipata misukosuko: mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alijaribu kulipiga marufuku kwa madai ya uasherati. Lilifanyika hata hivyo.

Naisisitiza hiyo miezi mitatu kwa sababu naiona kuwa kiini cha habari hii. Msanii wetu wa kawaida hurekodi kwa saa. Anaingia studio akiwa na nauli ya kurudi, prodyuza ana foleni mlangoni, na wimbo lazima uishe kabla umeme haujakatika au mteja mwingine hajaingia. Katika hali hiyo unarekodi kile unachokijua tayari. Kujaribu na kukosea hakuna bajeti. Khanja na Karugu walipewa chumba, vifaa na muda wa kuharibu, kusikiliza, kufuta na kuanza upya. Unaisikia hiyo kwenye albamu. Hakuna wimbo uliofuata njia iliyochongwa na mtu mwingine. "Lionsblood" unaenda kwa mbio za kutisha huku sauti ya Khanja ikipasuka juu yake. "Omni" na "Pembe 666" ni ukuta wa mtetemo ambao ukiusikiliza kwa spika ya simu huambulii kitu. Unataka spika yenye besi, au vipokea sauti vizuri vya masikioni. Wimbo mmoja umepewa jina la "Uganda with Sam", kama alama ya safari iliyoizaa albamu.

Hapo ndipo singeli inaporudi. Mwaka 2017 lebo hiyohiyo ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyo kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019, mwaka uleule wa Duma kurekodi, ikatoka Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na wakati mwingine inafika 300. Sisemi Karugu aliiga singeli. Ninachosema ni kwamba nyumba moja ilikuwa na watu wa Dar es Salaam walioukimbiza mdundo kwa kompyuta hadi ukawa ukungu, na watu wa Nairobi waliofika kwenye mbio hizohizo kwa njia ya metali. Msikilizaji wa Ulaya aliona vitu viwili vya ajabu kutoka mbali. Mtu wa Mwanza akisikiliza vyote viwili kwa mfululizo atasikia undugu wa kasi, ile ya vijana wasio na subira ya kungoja wapewe nafasi.

Mapokezi yalikuwa makubwa, lakini yalitoka mbali. Pitchfork ya Marekani na The Quietus ya Uingereza ziliiandika kwa heshima. Maelezo ya lebo yenyewe yalitaja panki, metali na kelele za viwandani kwa pumzi moja, na hata hivyo hayakutosha. Baadaye Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ikawatolea santuri ndogo. Amri za kukaa ndani zilipolegea, majukwaa ya Ulaya yakawapokea wakiwa tayari na jina.

Nami nafurahi kwa ajili yao, ila kuna jambo linaloniuma. Mkosoaji wa London akiipima albamu hii anaipima kwa bendi ya Napalm Death na wenzao, kwa sababu ndicho kipimo alichonacho. Hajui tume ya mwaka 1994. Hajui singeli inavyosikika kwenye kigodoro, watu wakicheza hadi vumbi linaficha taa. Kazi ya kuieleza Duma kwa watu wa ukanda huu, kwa vipimo vya ukanda huu, ilikuwa yetu sisi tunaoandika Kiswahili, na tumeianza tukiwa tumechelewa.

Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa albamu yake peke yake, The Adept, kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, ambaye yeye humtaja kama bibi wa ukoo wake: mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau na kupewa cheo cha Field Marshal. Muthoni alizifuga nywele zake tangu enzi za msitu hadi Aprili 2022, alipomruhusu Mama Ngina Kenyatta azikate. Alifariki Septemba 2023. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba muziki huu ni uasi wa watoto waliopotoshwa na Wazungu. Spikeheart ameupeleka moja kwa moja kwenye msitu wa Nyandarua, kwa mwanamke aliyeasi kabla ya metali yenyewe kuzaliwa, na kwa masikio yangu The Adept ni nzito zaidi kuliko Duma.