Njaa ya Mwanafunzi Paris

Ukimwambia mtu wa Kinondoni kwamba mwanao anasoma Paris, kesho yake anakuja kukopa. Mama yangu yalimkuta hayo. Wiki ya pili tangu niondoke, Septemba 2019, jirani alimfuata na shida ya ada, maana "kijana wako si yuko Ulaya?" Kijana mwenyewe saa ile alikuwa amesimama katika jiko la pamoja la bweni, akijaribu kusonga ugali kwa ngano ya chengachenga ndani ya sufuria ya kuazima. Ulikataa kushikana. Nikala uji mzito na dengu za kopo, nikalala.

Nilikwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, mwaka mmoja, somo langu likiwa historia. Nyumbani nilizoea bumu. Likichelewa, chuo kizima kinajua, na mama ntilie anakukopesha kwa daftari. Paris hakuna mama ntilie wa daftari. Posho yangu ya kwanza ilichelewa wiki saba kwa sababu ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitaka cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Nikakipeleka. Wakasema muhuri umefifia. Kila karatasi kule inataka karatasi nyingine ya kuisindikiza, kama bibi harusi na somo wake.

Kilichoniokoa ni kantini ya wanafunzi. Wakati huo, kwa euro 3.30 ulipata sahani ya moto, saladi, mtindi au tunda, na mkate. Sitajificha: mkate nilikuwa nautia mfukoni, ndio chakula cha usiku. Nilidhani ni mimi peke yangu, kumbe kijana wa Kifaransa aliyekaa meza ya mbele yangu naye alikuwa akijaza begi lake. Tulitazamana, tukacheka, na huyo ndiye rafiki wangu wa kwanza Paris.

Kantini hizo si sadaka iliyoanguka toka mbinguni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza baadhi ya vyama vya wanafunzi vilianza vyenyewe kuendesha majiko na mabweni, na ni mwaka 1955 ndipo sheria ilipoweka mfumo wa sasa wa huduma za wanafunzi chini ya serikali. Nilipoyajua hayo nikaanza kujiuliza jambo ambalo mwalimu wangu aliliona la kitoto: waliotutangulia walikula nini?

Walikula kwa shida. Katika karne ya 12 na ya 13, vijana walipokuwa wakimiminika Paris kutoka kila pembe ya Ulaya, walimu wa uandishi walitunga vielelezo vya barua ili wanafunzi wajifunzie. Moja ya aina zilizojulikana sana ni barua ya mwanafunzi kumwomba baba pesa. Mji ni ghali, vitabu ni ghali, baridi ni kali, nimejitahidi masomoni, tafadhali nitumie chochote. Niliposoma habari hiyo maktabani nilifunga kitabu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwandikia mama maneno hayo hayo kwa simu, isipokuwa habari ya vitabu.

Hata Sorbonne yenyewe, jina ambalo ukilitaja watu wanakaa sawa, ilianzia kwenye umaskini. Mwaka 1257 kasisi Robert de Sorbon alianzisha nyumba ya wanafunzi wa theolojia wasio na uwezo wa kujikimu. Kabla ya kuwa sifa, ilikuwa bweni la wasionacho. Na mtaa unaoizunguka uliitwa wa Kilatini kwa sababu Kilatini ndiyo lugha waliyosomea na kuelewana wageni hao. Chuo chenyewe kiliwagawa kwa "mataifa" manne: Wafaransa, Wapikadi, Wanormandi na Waingereza, na Mjerumani akija alitiwa kwa Waingereza. Kwa hiyo ugeni ni wa tangu mwanzo. Aliyenitazama vibaya kwenye treni alikuwa hajui historia ya mji wake.

Desemba hiyo treni zenyewe zilisimama. Kuanzia tarehe 5 wafanyakazi waligoma kupinga mageuzi ya pensheni, na mgomo ukavuka hadi Januari 2020. Nikawa natembea kwa miguu kutoka Cité universitaire, kusini kabisa mwa mji, hadi darasani, dakika arobaini na tano hivi kwa mwendo wangu. Unashika rue de la Tombe-Issoire, unaingia Faubourg Saint-Jacques, kisha rue Saint-Jacques yenyewe, barabara ya tangu enzi za Warumi. Mwanzoni nilinung'unika. Baadaye niliona kwamba mgomo umenipa somo ambalo treni ya chini ya ardhi ingeninyima.

Maana migomo nayo ni ya kale pale. Mwaka 1229, wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima, wanafunzi waligombana na mwenye kilabu kuhusu bei ya mvinyo. Walipigwa, kesho yake wakarudi na marungu, na ghasia ikakua mpaka askari wakaua wanafunzi kadhaa. Walimu wakafunga madarasa, wengi wakaondoka mjini, na chuo hakikurudi katika hali yake mpaka 1231, Papa Gregori wa 9 alipotoa hati ya kukilinda. Chanzo bei ya kinywaji! Wapo wanaodhani Mei 1968 na mawe yake ya barabarani ndiyo mwanzo wa vurugu za wanafunzi wa Paris. Mtaa huo ulikuwa umeshazoea.

Katika rue Saint-Jacques hiyo hiyo, mkabala na Sorbonne, ipo shule ya Louis-le-Grand. Humo alisoma Léopold Sédar Senghor, aliyefika Paris mwaka 1928 akitoka Senegal kwa msaada wa masomo. Mwaka 1931 akafika Aimé Césaire kutoka Martinique, wakakutana hapo hapo. Nawaomba ninyi mnaoandika mashairi kwenye madaftari yenu mnisikilize hapa. Mwaka 1935 vijana hao na wenzao walitoa gazeti dogo la wanafunzi, L'Étudiant noir. Halikudumu. Matoleo yake ni ya kuhesabika kwa vidole, na pesa hawakuwa nazo. Lakini ndani yake Césaire aliliandika neno "négritude", ambalo baadaye lilizunguka dunia nzima na kupingwa dunia nzima. Mimi mwenyewe silipendi sana, lina harufu ya darasani. Ila gazeti la karatasi chache lililoandikwa na watu wenye baridi na njaa, hilo nalivulia kofia.

Walikuja wengine. Mwaka 1950 wanafunzi wa makoloni ya Kifaransa waliunda shirikisho lao, FEANF, likadai uhuru waziwazi wakati wakubwa wao bungeni bado wanapima maneno. Serikali ya Ufaransa ililivunja mwaka 1980. Bweni nililokaa mimi lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya wanafunzi wa makoloni hayo, na awali liliitwa Nyumba ya Ufaransa ya Ng'ambo. Walijengewa mahali pa kulala, wakapatumia pia kuzungumzia namna ya kuondoka katika nyumba ya mkubwa.

Usidhani njaa iliishia kwenye vitabu. Tarehe 8 Novemba 2019 mwanafunzi wa miaka 22 alijitia moto mjini Lyon, mbele ya ofisi za huduma za wanafunzi. Aliacha maandishi akisema hata alipokuwa akipata euro 450 kwa mwezi, hazikutosha kuishi. Alinusurika. Alikuwa Mfaransa, kwao. Jioni ile jikoni kwetu hakuna aliyewasha redio. Kaka mmoja wa Dakar, mwenye ile sufuria, alipika wali kwa watu tisa, akatuita mlango kwa mlango. "Mdogo wangu, kula," aliniambia, "hesabu tutafanya kesho." Kesho haikufika. Hakuwahi kunidai.

Jumamosi alinipeleka Château Rouge, sokoni, nikapata unga wa mahindi, bamia na pilipili. Usiku huo nilisonga ugali uliosimama. Nikapiga picha, nikamtumia mama. Akajibu: "Mwiko gani huo?" Ulikuwa kijiko cha supu.

Kitu cha mwisho nilikikuta maktaba ya BULAC, panaposomewa lugha za mbali, Kiswahili kikiwamo. Ni kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, iliyochapwa Paris mwaka 1939, ambaye aliishi miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo. Nilikaa nayo mchana kutwa. Humo mna maneno ya pwani ambayo mimi, mzaliwa wa pwani, sikuwahi kuyasikia. Nilikasirika kidogo, kisha nikaanza kunakili. Dada mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akisoma meza ya pili alinisalimu kwa Kiswahili cha kwao, nami nikamjibu kwa cha kwetu, mpaka mlinzi wa maktaba akatunyamazisha.

Tarehe 17 Machi 2020 Paris ilifungwa kwa ajili ya korona. Bweni likabaki nusu tupu, na wengi waliokuwa wakiishi kwa vibarua wakakosa hata hivyo vibarua. Ni baada ya foleni ndefu za msaada wa chakula, Januari 2021, ndipo mlo wa kantini ulipowekwa euro 1 kwa kila mwanafunzi. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Kaka wa Dakar alitangulia kuondoka, akaniachia sufuria. Alisema naye aliachiwa na Mkameruni. Nilipopata ndege niliisugua kwa majivu ya makaratasi ya ile ofisi, sina la kuyafanyia tena, nikampa dada wa Lubumbashi. Chini ilikuwa imebonyea upande mmoja. Nikamwonya: wali utaungua kushoto, ugeuze mapema.