Mafunzo ya Sayansi kwa Watoto wa Meru na Embu, Tangu Mwanzo Hata Leo



Katika taarifa ya mwaka huu yafaa tueleze kwa ufupi jinsi watoto wa Meru na Embu walivyoanza kufundishwa sayansi shuleni, na yaliyoyapata mafunzo hayo hata leo. Sababu yake si kukumbuka ya kale tu. Tangu Januari 2023 Kenya ina Sekondari ya Msingi, yaani Gredi ya saba, ya nane na ya tisa, nayo imewekwa katika shule za msingi, ambazo nyingi hazikujengwa na maabara. Mzazi atakaye kujua la kufanya hana budi kujua kwanza tulikotoka.

Elimu ya viumbe ilikuwapo kabla ya shule. Kijana wa Mbeere au Tharaka alijifunza kwa baba yake ni mti upi ufaao kuchongwa mzinga, na ni maua ya miti ipi yaletayo asali. Msichana alijifunza kwa mama yake kuchagua mbegu njema, na kuichanganya na majivu isiliwe na fukusi. Hakuna aliyetahiniwa kwa karatasi. Mtihani wao ulikuwa ghala lenyewe, wakati wa njaa.

Wamishonari wa Kanisa la Kiingereza walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walianza kazi Meru mwaka 1912. Na mwaka 1922 Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Skotlandi alianza kazi Chogoria, ambako hospitali na shule zilikua pamoja. Hapo mwanzo kusoma kulikuwa kusoma Maandiko. Sayansi iliingia kwa mlango wa nyuma, kwa majina ya usafi na ukulima: kuchemsha maji, kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kulima shamba la shule. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Kenya mwaka 1924 ilisifu mafunzo ya namna hii, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwatayarisha walimu wa kuyaeneza vijijini.

Wazazi wengi hawakuyapenda. Walisema, “Jembe mtoto amelijua nyumbani, tumempeleka shuleni apate kitabu.” Wala shaka yao haikuwa ya bure, kwani siku zile shule zilitengwa kwa rangi, na watoto wa Wazungu hawakufundishwa kwa jembe.

Walakini jambo moja liliwaonyesha wazee thamani ya elimu hii. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa. Walowezi walidai kwamba hataweza kuyazuia magonjwa ya mimea, na mashamba yake yatayaambukiza ya kwao. Ruhusa ilipoanza kutolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilitolewa kwa majaribio katika Kisii, Embu na Meru. Basi mkulima aliyeitambua kutu ya majani na kuupogoa mti wake sawasawa hakuwa akijitafutia fedha tu. Alikuwa akijibu tusi. Na katika miaka ya 1950, mifereji ya mpunga ilipochimbwa Mwea, iliyokuwa wakati huo katika Wilaya ya Embu, maji yale yalileta mavuno na kichocho pamoja. Mtoto aliyefundishwa kwamba vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wa majini, kisha humwingia mtu kwa ngozi, alikuwa na la kuwaambia jamaa zake.

Lakini wangapi walifika huko? Kwa taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, masomo ya Mwafrika yaligawanywa: miaka minne ya msingi, minne ya kati, kisha minne ya sekondari. Kwenye mtihani wa mwaka wa nne watoto wengi walirudi nyumbani, na sayansi yao ikaishia hapo.

Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza elimu moja kwa watoto wa rangi zote. Miaka ile ile ulianza Mpango wa Sayansi ya Msingi wa Afrika, ambao Kenya ilishiriki. Watoto walitakiwa kushika vitu vyenyewe: mbegu, maji ya kidimbwi, betri na balbu, na hata yule mdudu achimbaye kishimo mchangani na kuwavizia sisimizi. Bibi Eleanor Duckworth aliwapima watoto wa Kenya kwa kuwapa vitu na kutazama watakalolifanya. Akaona kwamba waliofunzwa hivyo walibuni kazi nyingi na ngumu kuliko wenzao. Taarifa yake ilitoka mwaka 1978.

Kwa bahati mbaya mtihani ulikuwa na nguvu kuliko mpango. Katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi sayansi ilikuwa sehemu tu ya karatasi moja, pamoja na historia na jiografia. Mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4, sayansi na kilimo vilipata heshima zaidi, lakini jibu lilikuwa bado kuchagua herufi moja kati ya nne. Mwandishi wa maneno haya akumbuka mwalimu wake akichora mharagwe ubaoni, nasi tukikariri sehemu zake, ilhali dirishani maharagwe yalikuwa yameota shamba zima. Hakuna aliyetumwa kwenda kung’oa hata mmoja.

Mtihani ule wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa Sayansi Jumuishi yamtaka mtoto atenganishe michanganyiko, apime asidi na besi, aijue seli, umeme na sumaku. Ni mafunzo mema. Lakini bila vyombo yatageuka kuwa mharagwe wa ubaoni tena.

Kwa hiyo twawaomba Wanachama mambo mawili. Kwanza, kila tawi litembelee shule iliyo karibu nalo, liulize watoto wanafanyia wapi majaribio, na lilete jibu katika mkutano mkuu, tupate kujua pa kuanzia kusaidia. Pili, Wazee waliofuga nyuki na kupogoa kahawa wakubali kuitwa darasani, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Si kila kitu kinangoja fedha: maji ya maua ya zambarau yaliyopondwa yaweza kuonyesha asidi ya ndimu.

Babu zetu walikataa jembe lililotolewa badala ya kitabu, na walikuwa na haki. Sisi nasi tusikubali kitabu kilichotengwa na jembe.