Robine ilifuata kazi

Wandugu, wazee wetu wa Union Minière, na baadaye Gécamines, hawakusema "haki ya maji". Walisema kambi. Ukiandikwa kazi, unapewa nyumba, posho ya unga, hospitali na robine. Kampuni yenyewe ndiyo iliyosukuma maji mpaka uani. Aliyeishi nje ya kambi alingoja Régideso, iliyoundwa mwaka 1939, ama alichimba kisima chake.

Na maji hayakukosekana. Lualaba inapita hapa hapa. Miaka ya 1950 mto ulizibwa kule Nzilo, ziwa likajaa, umeme wake ukaenda migodini. Bulamatari alijua vizuri kuamuru mto, ila kwa ajili ya shaba kwanza.

Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, Gécamines ikaanza kuzama. Halafu 1992 na 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga. Hapa Kolwezi watu walilala kwenye gare na watoto wao, wakingoja treni. Aliyetolewa kazini na nyumbani alipoteza robine siku hiyo hiyo. Haikuwa yake, ilikuwa ya namba yake ya kazi. Hilo tulikuja kulielewa tuliporudi: nyumba ina watu wengine, na hakuna ofisi ya kuuliza, "mayi yangu iko wapi?"

Tukajenga pembeni ya mji. Bomba halijafika. Mama zetu wanaamka kabla ya jua kutafuta bidoni ya lita 20, na kisima kimoja tuliacha kunywa maji yake yalipobadilika rangi. Hakuna aliyekuja kutueleza.

Lakini maneno yameandikwa. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inahakikisha maji ya kunywa pamoja na nyumba ya heshima na umeme. Sheria ya maji namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 inaweka maji mikononi mwa Leta, na inayapa majimbo na mamlaka za chini sehemu ya kazi hiyo. Wengine kati yetu waliposikia "mali ya Leta" walikata tamaa. Sisi tunaisoma vingine: mwenye mali ndiye anayeulizwa amempa nani.

Kwa hiyo barua yetu kwa komine ina maswali mawili tu. Nani ameruhusiwa kuchota na kumwaga karibu na mtaa wetu? Bomba litafika lini? Wakati tunangoja, mchango wa mwezi huu, wa wanachama na wa wafadhili, unaenda kwenye pampu ya mkono.