Mlinzi wa Usiku

Ndugu msomaji, usimpime mja kwa kazi uliyomkuta nayo. George Lilanga, Mmakonde, alizaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, jirani na Newala na Tandahimba, nchi ya wachonga mpingo. Miaka ya 1970 alikuwa mlinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Zilipoonwa kazi zake, akatolewa mlangoni akaingizwa miongoni mwa mafundi. Akachonga, kisha akachora, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Jirani yake wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Mwaka 1972 akafa kwa risasi. Miaka minne tu!

Juu ya sura za viumbe wanazuoni wana maneno yao, wala hatuyakati hapa. Lakini fundi kutajwa jina lake na kulipwa ujira wake ni haki isiyo na mabishano. Leo vijana wetu huchora hata kwa kompyuta. Basi, yule akulindiaye mlango, umepata kumuuliza mikono yake yajua nini? Muulize angali hai.