Misukumo ya kikundi

Mtu mwenye bidii hulegea akiingia katika kikundi kilicholegea, na aliyezoeleka kuwa mzembe huchangamka akikaa na wanaochapa kazi. Elimu inayochunguza jambo hili ilipata jina lake kwa Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 na kufanya kazi Marekani hadi alipofariki mwaka 1947. Kwa Kiswahili wengi huiita mienendo ya kikundi. Jina hilo halina kosa la sarufi, lakini linaacha nje kiini cha kile alichokitafuta Lewin.

Mwenendo ni kinachoonekana kwa macho. Tena, tukiutaja mwenendo wa mtu huwa tumekwisha kumhukumu: ni mwema au ni mbaya. Katika jina alilolichagua Lewin kwa Kiingereza, group dynamics, neno dynamics lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni nguvu. Alitaka kujua ni nguvu gani zinamsukuma mtu akiwa kati ya wenzake, na zinamsukuma kuelekea wapi. Kwake, tabia ya mtu ni matokeo ya yeye alivyo pamoja na mazingira aliyomo saa hiyo. Ndiyo maana napendekeza misukumo ya kikundi.

Jaribio lililomjengea hoja lilifanyika Chuo Kikuu cha Iowa mwishoni mwa miaka ya 1930, akishirikiana na Ronald Lippitt na Ralph White. Walikusanya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi katika vikundi vya watu watano watano. Watoto walikutana baada ya masomo kutengeneza vinyago na kazi nyingine za mikono, na baada ya muda walibadilishiwa kiongozi. Wa kwanza aliamua kila kitu peke yake, akitoa hatua moja moja bila kusema inayofuata ni ipi. Wa pili alijadiliana nao. Wa tatu aliwaachia tu. Huyu wa tatu hakuwemo katika mpango wa awali: White alikuwa akijaribu kuongoza kidemokrasia, akawaachia watoto mno, na Lewin akaona kwamba hapo pana jambo la kuchunguzwa.

Chini ya kiongozi mwenye amri, vikundi vilivyonyenyekea vilitumia asilimia 74 ya muda vikizama kazini. Alipotoka chumbani, kiwango hicho kilishuka hadi 29. Kwa kiongozi wa majadiliano kilikuwa 50, na alipotoka kikabaki 46. Kinachonigusa zaidi ni habari ya jaribio la kwanza la Lippitt, lililotangulia hilo. Katika kikundi cha amri, mara mbili watoto wanne walimgeukia mwenzao mmoja na kumtesa mpaka akaacha kuja. Hasira waliyoshindwa kumwonyesha kiongozi waliimwaga kwa mwenzao. Anayeangalia tabia tu atasema wale ni watoto wakorofi. Lakini katika jaribio lililofuata, vikundi vilipobadilishiwa kiongozi, watoto walewale walibadilika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Lewin alirudi kwenye swali hilo kupitia jikoni. Nyama ilikuwa adimu, na serikali ilitaka familia zile mioyo na figo za ng'ombe, vitu ambavyo akina mama wengi wa huko hawakutaka hata kuvigusa. Baadhi yao walipewa mhadhara mzuri juu ya lishe na mapishi. Wengine walijadiliana wenyewe kwa wenyewe, kisha walio tayari kujaribu wakanyoosha mikono mbele ya wenzao. Ilipofuatiliwa baadaye, katika vikundi vya mhadhara asilimia 3 tu walikuwa wamepika nyama ambayo hawajawahi kuipika. Katika vikundi vya majadiliano walikuwa 32.

Aliyewahi kukaa katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa fedha, atalielewa jambo hili upesi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Anayerejesha mkopo anarejesha wenzake wakimwona, kwa kanuni alizoshiriki kuzitunga. Akipatikana mwenyekiti anayewakopesha kwanza rafiki zake na kuwakatiza wenye maswali, mkutano hunyamaza, na marejesho huanza kuchelewa hata kwa waliokuwa waaminifu. Huo ni msukumo, na aliyeuanzisha amekaa meza ya mbele.

Kiswahili kina usemi wa kufuata mkumbo, lakini mkumbo humbeba mtu kama mafuriko, naye hana la kufanya. Shinikizo la rika nalo ni finyu, kwa kuwa linawahusu wa umri mmoja na hunukia ubaya. Msukumo unaweza kuwa wa kheri au wa shari, unaweza kutoka kwa kiongozi au kwa jirani, na misukumo miwili huweza kupingana ndani ya mtu mmoja. Neno kikundi nalo libaki, lisigeuzwe kuwa kundi: watu waliokusanyika kituoni wakisubiri basi ni kundi, ila Lewin alizungumzia watu wanaotegemeana.

Walimu na wafasiri waliache neno mienendo liendelee kutaja yale yanayoonekana katika mkutano. Wanapoeleza kwa nini yanatokea, waandike misukumo, na kabla ya kumwita mwanachama mvivu au mwoga, waulize kwanza kikao kinaendeshwaje na nani.